Jino la Panya wa Nyumbani

Kila mwaka vijana wawili watatu hunijia hapa Vwawa kuniuliza kazi yangu ilikuwaje, na kila mwaka nawaona wakijitahidi wasicheke. Wamesikia kwamba nilifanya kazi ya mambo ya kale, kwa hiyo wamejiandaa kwa habari za mafuvu ya watu na mikuki. Nikiwaambia nilitumia miaka yangu yote kutazama meno ya panya, wanaangaliana. Mmoja aliniuliza kwa upole kama serikali ilikuwa inajua.

Ilikuwa inajua. Siku ya kustaafu ilinipa hata cheti, na jina langu wakalikosea.

Sasa nawaandikia ili mpumzike kunigongea mlango. Someni polepole, najua mmezoea maneno mafupi.

Panya mdogo hasafiri. Nyati akikosa maji anakwenda zake mbali, lakini panya anazaliwa, anaoa na kufa ndani ya eneo lisilozidi shamba la mtu mvivu. Penye majimaji kuna panya wake, kwenye nyasi kavu kuna wake, msituni kuna wake, na hawatembeleani hata sikukuu. Kwa hiyo ukikuta meno mengi ya panya wa majimaji ndani ya udongo wa kale, umejua kwamba pale palikuwa na majimaji, hata kama leo pamekauka hadi udongo unapasuka. Na aliyewakusanya hao panya ni bundi. Anakaa kwenye mwamba, anameza panya mzima, kisha anatapika kitonge cha manyoya na mifupa. Manyoya yanaoza, meno yanabaki. Bundi na wajukuu wa bundi wakifanya hivyo kwa miaka maelfu, chini ya mwamba ule panakuwa na kumbukumbu ya hali ya nchi ambayo hakuna karani aliyeiandika.

Kwa maneno mengine, mimi nilikuwa mtaalamu wa matapishi ya bundi. Kawaambieni mama zenu ndiyo kazi mnayoitaka, muone watakavyofurahi.

Sikusomea. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani, halafu nikasikia wanatafuta watu wa kuchekecha udongo kwenye pango moja ukingoni mwa nyanda za Mbozi, pale ardhi inapoanza kushuka kuelekea Momba. Pango lenyewe ni mwamba tu uliojitokeza juu kama kibaraza, na chini yake, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kuna bonde lenye matete na maji mwaka mzima. Watu wa vijiji vyote vya jirani walijua tunachochimba: dhahabu aliyoiacha Mjerumani. Tulipoonyesha meno ya panya, wakatuheshimu zaidi, maana watu wanaojua kuficha dhahabu kiasi kile si wa mchezo.

Aliyenifundisha ni Mzee Asheri, mkulima wa kahawa wa Ihanda aliyekuwa msimamizi wa shimo. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alipokuwa na jambo la kusema alilitanguliza kwa kukohoa, ukajua umekosea. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nachekecha kwa wavu wa kokoto, ule wa mafundi ujenzi. Mawe yanabaki, mchanga unapita, mimi nautupa mchanga na kujiona mchapakazi. Mzee Asheri akaja, akakohoa, akachota ule mchanga nilioutupa, akauosha ndani ya sufuria, akaniwekea chembe moja kiganjani.

“Hii ni nini, mwanangu?”

“Mchanga, Mzee.”

“Mchanga una mizizi?”

Nikatazama. Chembe ilikuwa na vijimizizi viwili, kama jino. Ilikuwa jino. Nilikuwa nimetupa wiki nzima ya nchi ya kale kwenye kichuguu cha kifusi, na kwa bidii.

Akanituma Tunduma nikanunue wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Muuzaji alikuwa Mzambia aliyevuka kutoka Nakonde. “Mulishani, ba mayo,” akanisalimu kwa Kibemba, kwa heshima ya kumwita mtu mama, akaniuliza nina madirisha mangapi. Nikamwambia si ya dirisha, ni kwa ajili ya panya.

“Unataka wasiingie?”

“Nataka wasipite.”

“Wako wengi?”

“Sijui. Walikufa zamani sana.”

Alinikatia wavu haraka, kama mtu anayeomba mteja aondoke salama. Wavu ule ulitubadilishia kazi. Leo kuna machekeche ya kila tundu na mashine za kumwagia maji, na bado naona vijana wanayaosha meno kwa presha ya kuoshea magari mpaka yanavunjika. Hongereni kwa maendeleo.

Baada ya miaka michache nikawa mtu wa hadubini. Ili ujue jino la kale ni la nani, lazima uwe na meno ya leo ya kulinganisha, na duka la meno ya panya sijawahi kuliona. Kwa hiyo nilitega mitego: bondeni, shambani, porini, na jikoni kwangu ambako sikuhitaji hata chambo. Nikawachemsha na sabuni ya unga mpaka nyama ikaachia mifupa. Mwenzangu wa kwaya alikuja kuazima kinu, akafunua sufuria, akafunika taratibu, akasema atarudi wakati mwingine. Sikumwona tena mpaka Pasaka. Ndipo nikaanza kuitwa Mama Panya. Jina limenishinda kulitoa, na ninyi pia mnaliita nikishapita, nasikia.

Lakini yale meno niliyajua. Panya wa majimaji ana magego yenye mistari iliyopangana kama mikunjo ya bati. Panya wa nyumbani, huyu anayekula mahindi yenu darini, ana vinundu vya mviringo, safu safu, na gego lake la kwanza nyote mngelijua mkikaa nalo wiki mbili bila simu. Na panya wa nyumbani si mwenyeji wa hapa. Alikuja na wageni, na safari za biashara, juzi tu kwa hesabu ya pango. Ukimkuta kwenye udongo wa miaka maelfu na maelfu, basi ama yeye amekosea njia, ama wewe.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo ndilo mlilolijia. Watu hawapandi kilima cha nyumbani kwangu kusikia nilivyokuwa hodari.

Tulikuwa tumefika tabaka la nne. Juu yake, tabaka la tatu lilikuwa na majivu, mkaa, mawe yaliyochongwa, kila dalili ya watu. La nne halikuwa na kitu cha mtu hata kimoja. Meno ya panya tu, mengi ajabu. Pembeni mwa shimo Mzee Asheri akaona doa la mviringo, udongo wake mweusi kidogo na laini. Akalibonyeza kwa kidole.

“Hapa fuko alipita,” akasema. Fuko mnamjua, yule anayekula mihogo yenu kwa chini. “Kachimba kutoka juu, kashusha udongo wa juzi mpaka huku. Udongo wa doa hili weka mfuko wake peke yake. Usiuchanganye na wa tabaka.”

“Sawa, Mzee.”

Akaenda upande wa pili. Mawingu yalikuwa yameshuka upande wa Momba, na matone ya kwanza yakaanza kugonga turubai. Mimi nilikuwa na ndoo mbili, ya tabaka na ya doa, na mfuko mmoja mkononi. Mifuko mingine ilikuwa kwenye gari, hatua hamsini labda. Hatua hamsini tu, na mvua. Nikamimina zote mbili kwenye mfuko mmoja, nikaandika “tabaka la nne”, nikakimbilia kwenye gari. Kichwani nilijiambia ndoo moja haiwezi kubadilisha historia. Mkitaka kujua uzembe unazungumza lugha gani, ni hiyo. Unazungumza vizuri sana, kwa sauti ya busara.

Mkuu wetu alikuwa mtu nitakayemwita Profesa basi, maana yu hai na bado anapenda kutajwa. Nilipoyachambua meno ya tabaka la nne nikampelekea matokeo: panya wa nyasi kavu wapo, na panya wa majimaji wapo pia, wengi wa kutosha. Profesa alisimama. Alikuwa na nadharia yake siku nyingi kwamba zamani eneo lile lilikuwa kinamasi kikubwa, na kwamba watu walilihama pango kwa sababu ya unyevu na mbu. Sasa panya wangu walikuwa wamekuja kumpigia makofi. Akapanga kutoa hotuba Vwawa, mbele ya wakubwa wa mkoa na watu wa kilimo. Akanunua suti.

Wiki hiyo hiyo, nikiyapitia meno mara ya pili, nikaona gego moja lenye vinundu vya mviringo. Nililigeuza. Nikaenda kwenye kisanduku changu, nikatoa gego la panya wa jikoni kwangu, nikayaweka pamoja chini ya hadubini. Walikuwa ndugu.

Nilijua papo hapo. Jino lile lilishuka na fuko, na kama lilishuka hilo, panya wa majimaji nao walishuka nalo, kutoka kwa bundi wa leo anayewinda kwenye matete ya bonde. Kinamasi cha Profesa kilikuwa ndani ya ndoo yangu ya pili.

Nilimpelekea jino. Kwa hilo tu nijipongeze. Lakini nilimwonyesha jino bila kumweleza habari ya ndoo.

Alilitazama muda mrefu. “Udongo umechanganywa,” akasema. “Nani alisimamia shimo?”

Hilo swali lilikuwa na majibu mawili. Mimi nikatoa lile lililoulizwa. “Mzee Asheri.”

“Mzee amechoka,” Profesa akasema. “Macho yamekwisha. Mwambie apumzike.”

Hata hivyo hakuniachia mimi kazi ya kumwambia, alimtuma dereva. Mchana ule Mzee Asheri akakung'uta mwiko wake, akaufunga kwenye kitambaa pamoja na brashi, akatuaga mmoja mmoja. Alipofika kwangu alinishika mkono, akasema, “Kazi njema, mwanangu.” Hakukohoa. Nilimwangalia akiteremka hadi barabarani. Kwa sauti nilisema, “Safari njema, Mzee.”

Siku zilizofuata nilifanya kazi kama malaika. Nilifika mapema, niliandika lebo kwa herufi nzuri, kila chembe na mfuko wake. Mtu aliyekosea hujaa nidhamu ghafla, mtaona wenyewe maofisini. Profesa naye aliamua kwamba jino moja halitoshi kuangusha kinamasi kizima. Akaliweka kwenye bahasha na kusema ni “hitilafu ndogo ya usimamizi”, hotuba itaendelea. Usingizi wangu ulikuwa mzuri, asanteni kwa kuuliza. Nilikuwa nalala kama mtu aliyekalia ufunguo.

Asubuhi ya hotuba nilimkuta nje ya ukumbi na suti yake, akirudia maneno kwa midomo. Ndani viti vilishajaa. Nilikuwa na ule mfuko mtupu wa tabaka la nne mkononi, na lebo yake.

“Profesa, naomba usome.”

“Eliza, si sasa.”

“Soma mwandiko.”

Akasoma. “Ni wako.”

“Mzee Asheri aliniambia nitenganishe. Mvua ilikuwa inakuja. Nilimimina ndoo mbili mfuko mmoja. Panya wa majimaji wote ni wa tundu la fuko. Hakuna kinamasi.”

Ndani mshereheshaji alikuwa anataja vyeo vyake kimoja kimoja. Profesa alinitazama, akatazama mlango, akatazama tena lebo.

“Umelijua hili lini?”

“Siku ile ile nilipokuletea jino.”

“Na umengoja mpaka nimevaa tai.”

Akaingia. Nilisimama nyuma kabisa ukumbini nikiwa na hakika kwamba atakihubiri kinamasi chake, maana watu wengi walioko kwenye nafasi kama yake wangefanya hivyo na tungewapigia makofi. Profesa alipanda, akashukuru wageni, akasema matokeo ya tabaka la nne yana kasoro iliyogunduliwa asubuhi hiyo na kwa hiyo hatayazungumzia. Kisha akazungumza dakika chache juu ya umuhimu wa kuhifadhi urithi wetu, akashuka. Ilikuwa hotuba mbaya kuliko zote alizowahi kutoa na ndiyo pekee niliyomheshimu kwayo.

Nje akaniambia, “Sikufukuzi, kwa sababu sina mwingine anayejua meno. Lakini Mzee Asheri nilimwondoa kwa neno lako. Wewe ndiye utakayemrudisha.” Kuomba radhi mwenyewe kulikuwa kazi nzito mno kwa mtu wa elimu yake, nikaelewa.

Nilimkuta Ihanda, nyuma ya nyumba yake, anageuza kahawa kwenye vichanja. Mkewe alinipa kiti na kuondoka, jambo ambalo wanawake wa kwetu hufanya wanapojua mgeni amekuja kuaibika. Nilieleza yote. Ndoo, mvua, mfuko, jino, na nilivyomtaja yeye. Mzee Asheri aliendelea kuchambua punje mbovu huku akisikiliza. Nilipomaliza, akasema:

“Najua.”

“Unajua nini, Mzee?”

“Nilikuona unamimina. Niligeuka kukwambia turubai limelegea, nikakuona.”

“Mbona hukumwambia Profesa, alipokuondoa?”

“Ningemwambia, ungefukuzwa wewe.”

Machozi yakaanza kunilengalenga. Nikamwambia kwamba sistahili wema wa namna ile. Akakohoa.

“Usilie haraka. Haukuwa wema. Mimi nina kahawa, shimo lile si chakula changu. Nilitaka nione, tangu niondoke, utachukua siku ngapi kukiri.” Akatupa punje moja mbovu. “Tisa.”

Sijawahi kupewa maksi iliyoniuma kama ile. Namba hiyo nimeibeba mpaka kustaafu, na kila nilipokosea baadaye, na nilikosea sana, nilijaribu kuishusha. Nne. Mbili. Mara moja niliwahi kukiri kosa kabla ya chai ya saa nne, nikajiona mtakatifu, ikabainika halikuwa kosa.

Alirudi, kwa sharti. Ukuta wa tabaka la nne ulikuwa bado umesimama upande mmoja, na tundu la fuko liliingia ndani yake. Sharti lilikuwa niutoe udongo wote wa tundu, mimi mwenyewe, kwa kijiko cha chai, kabla ya mtu yeyote kugusa udongo ulio safi. Ilinichukua karibu wiki tatu nikiwa nimelala kifudifudi. Wenzangu walipita juu yangu wakinisalimu kwa adabu nyingi mno. Mzee Asheri alikaa kwenye jiwe, akikohoa pale kijiko kilipokwenda kombo.

Kisha tukachimba tabaka safi, tukachekecha, nikakaa kwenye hadubini. Hakukuwa na panya wa majimaji hata mmoja. Jino baada ya jino lilikuwa la panya wa nyasi kavu, wale wanaoishi mahali ambapo mvua ni habari ya kusimuliwa. Profesa aliyaangalia majedwali yangu, akaniuliza mara tatu kama nina hakika, kisha akaandika ripoti akisema kwamba siku zote alishuku ukame. Mambo ya kawaida. Alimtaja Mzee Asheri kwa jina, ukurasa wa kwanza, na hapo nikamsamehe suti.

Mzee Asheri akasema matokeo hayatapelekwa Vwawa kwanza. Yatapelekwa Ihanda, kwa sababu huko ndiko watu wanaopanda kitu. Tukakaa na wakulima kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada. Ule ulikuwa mwaka wa pili wa mvua mbaya, na mibuni ilikuwa imeanza kupukutisha majani. Nikaeleza habari za bundi na meno, wakacheka mahali pa kucheka. Nikasema tabaka la nne linaonyesha ukame mrefu, si wa msimu mmoja wala miwili, wa vizazi.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, “Na watu waliokuwa wanakaa pale pangoni, waliishije wakati huo?”

Nikatazama karatasi zangu kana kwamba jibu limeandikwa, ingawa nililijua. “Hawakuishi. Kwenye tabaka lile hakuna mkaa wala jiwe lililochongwa. Ndiyo maana meno ni mengi. Bundi hakai na watu. Walipoondoka, ndipo yeye akahamia.”

Yule mama akamweka mtoto wake vizuri mgongoni.

“Lakini umesema juu yake kuna tabaka jingine.”

“Lipo. La tatu.”

“Lina nini?”

Mzee Asheri ndiye aliyemjibu.

“Majivu,” akasema. “Mtu aliwasha moto.”